Ukikwama kwenye gemu ya upelelezi ya Kijapani, usikimbilie YouTube

Kila nikimshauri mtu acheze gemu za upelelezi za Kijapani, swali lake la kwanza ni hilohilo: sasa humo ndani unafanya nini? Unasoma. Unaona picha ya chumba, mtu kasimama mbele yako, maneno yake yanapita chini ya skrini, na wewe unachagua umuulize nini, uangalie wapi, uende wapi. Hakuna risasi wala saa inayokukimbiza. Kama uliwahi kukesha na hadithi za Bwana Msa, raha ni ileile, ila hapa mpelelezi akizubaa, aliyezubaa ni wewe.

Nachezea Switch Lite, mashine ya gemu ya Nintendo, ile ndogo isiyounganishwa na TV. Kwa gemu za kusoma sioni haja ya kubwa zaidi. Ina uzito wa gramu 275, unaishika kitandani bila mkono kuchoka, na umeme ukikatika haikuhusu. Nintendo wanasema betri yake inakaa kati ya saa 3 na 7 kulingana na gemu. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni kile kitufe cha juu. Ukikibonyeza skrini inazima, ukirudi kesho yake shahidi bado kasimama palepale, sentensi yake haijaisha. Gemu hizi zinahitaji sana hayo mapumziko, kwa sababu nusu ya kazi unaifanya ukiwa umeiweka pembeni.

Anayeanza namwelekeza kwenye Famicom Detective Club: The Missing Heir. Wewe ni kijana uliyeokotwa chini ya jabali, hukumbuki hata jina lako. Taratibu unaelewa kwamba ulikuwa msaidizi wa mpelelezi, na ulikuwa unachunguza kifo cha Kiku Ayashiro, bibi tajiri wa kijiji cha Myojin. Familia inavutana juu ya mali, na kijijini kuna uvumi kwamba wafu wa ukoo huo hufufuka kuwaua wanaouchezea urithi. Sisimulii zaidi.

Sasa nije kwenye kukwama, maana hapo ndipo wengi wanapoiacha gemu hii wakiamini Kiingereza chao ni kibovu au wao si watu wa mafumbo. Kukwama kuna namna mbili, na dawa zake ni tofauti kabisa.

Namna ya kwanza, kosa si lako. The Missing Heir ilitoka mara ya kwanza mwaka 1988 kwa Famicom Disk System, kisoma-disketi cha Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo; kisoma-disketi hicho hakikuuzwa nje ya Japani. Mwaka 2021 ilichorwa upya kwa ajili ya Switch, ikapendeza kweli, lakini mtindo wake wa orodha ya amri uliachwa kama ulivyokuwa: nenda, ita, uliza, tazama, chukua, onyesha, fikiri, kumbuka. Hadithi haisogei mpaka uguse amri ambayo mwandishi aliitaka wakati huo. Unaweza kuwa umeshaelewa kila kitu kichwani, lakini mtu aliye mbele yako anarudia sentensi moja tu, kwa sababu hujachagua kufikiri kabla ya kumuuliza. Au alitakiwa kuulizwa jambo lilelile mara ya pili. Au ulitazama chumba wakati ulipaswa kumtazama yeye.

Hapo usijitese kutafuta mantiki. Mimi nina utaratibu wangu. Naanza na kufikiri, kisha namuita tena mtu aliyepo hata kama tunaongea naye tayari, kisha narudia swali la mwisho, kisha namtazama usoni. Mara nyingi kitu kinafunguka kabla sijamaliza mzunguko. Nikizunguka amri zote na bado hakuna neno jipya, natafuta msaada bila aibu yoyote, ila msaada wa maandishi. Naenda kwenye sura niliyopo, nasoma mstari mmoja, nafunga. YouTube hapana. Unatafuta namna ya kutoka kwenye chumba kimoja, kumbe picha ya video ya pembeni inakuonyesha sura ya muuaji, na aliyetoa maoni ya kwanza kamwaga kila kitu. Uhondo wote umekwisha, na pesa ulishalipa.

Namna ya pili ya kukwama ni pale gemu inapokutaka kweli utumie akili. Mfano mzuri ni Ace Attorney, ambayo gemu zake tatu za mwanzo zilikuja kwenye Switch mwaka 2019 zikiwa kifurushi kimoja. Huko wewe ni wakili, shahidi anatoa maelezo, na kazi yako ni kuonyesha ushahidi unaopingana na sentensi mojawapo. Ukionyesha ovyo, unaadhibiwa.

Chukua kesi ya kwanza kabisa. Siharibu kitu, kwani muuaji anaonyeshwa mwanzoni kabisa. Shahidi anadai aliukuta mwili saa saba mchana. Ripoti ya daktari inasema marehemu alifariki baada ya saa kumi. Akibanwa, shahidi anasema saa aliisikia kwenye televisheni. Hapo wengi wanaanza kuonyesha kila walicho nacho. Tulia, fungua orodha ya ushahidi, soma mpaka maelezo madogo. Kuna karatasi inayoonyesha kwamba siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Televisheni gani hiyo iliyokuwa inaongea? Kwa sisi tuliozoea mgao, swali hilo lilipaswa kuja lenyewe.

Kukwama kwa namna hii usikutafutie jibu popote. Mbane shahidi kwenye kila sentensi, hata zile zinazoonekana za kujaza nafasi, kisha sevu kabla ya kuonyesha chochote. Ikigoma, zima skrini ukafanye mambo mengine. Jibu ulilolipata mwenyewe ukiwa unasubiri chapati zigeuke ndilo linalokufanya ununue gemu ya pili, na ukisomewa na mtu mwingine linabaki taarifa tu.

Kuhusu daftari: gemu nyingi zina lao ndani, la The Missing Heir linajijaza lenyewe na linasaidia. Bado nashauri uwe na karatasi, kwa sababu moja tu, majina. Kiku, Yuri, Kanji, Jiro, Azusa, Akira, wote ndugu, na kesi nzima ni ya urithi. Usiku wa pili utamchanganya Kanji na Kanda, ambaye ni mwanasheria na wala si wa ukoo. Chora mti wa familia, mwandike kila mtu na neno moja la kumkumbukia. Mmoja wao nilimwandikia "anajifanya hana haraka", na sisemi ni nani.

Lugha ya The Missing Heir ni Kiingereza cha kawaida, si kigumu, na sauti ni za Kijapani. Usibonyeze haraka kuruka sauti hata kama huelewi neno. Kijana unayemcheza anasemewa na Megumi Ogata, wapenzi wa anime wanamfahamu, na kigugumizi cha mtu anayeficha kitu hakihitaji mkalimani. Vaa hedifoni.

Pesa na bando: nje ya Japani The Missing Heir inauzwa kwa kupakua tu, usihangaike kutafuta kadi yake madukani. Subiri punguzo la bei, pakua kwa bando la usiku. Kama hutaki kulipa kabla ya kujua kama aina hii inakufaa, kuna Emio – The Smiling Man ya mwaka 2024, ya mfululizo huohuo. Wameweka sura za mwanzo bure, na ukiinunua baadaye unaendelea ulipoishia. Menyu yake ni laini kuliko ya mwenzake. Ila inaanza na maiti ya mwanafunzi aliyefunikwa kichwa kwa mfuko wa karatasi uliochorwa tabasamu, na Marekani imepewa alama ya miaka 17 na kuendelea. Watoto wakiwa sebuleni, chezea chumbani.