Mbona Ramadhani Anaweza?

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Je, mtu anayeshindwa kuacha sigara, unga au kamari amekosa nia?" Nasema hapana. Ila sitaki niishie hapo, maana wanaosema hapana huongeza "ni ugonjwa" kisha wakanyamaza, na familia inabaki haijui ishike wapi.

Kuna hoja utaisikia kila baraza hapa Unguja: mbona Ramadhani anaweza? Mvutaji anakula daku, ananuia, anakaa karibu saa 13 bila moshi, na adhana ya magharibi ikisikika tende na kiberiti vinakwenda pamoja. Basi watu wanahukumu: kumbe anajiendekeza tu. Mimi naona funga inatufundisha jambo jingine. Mchana ule mtu haachiwi aamue upya kila dakika. Mwisho unajulikana, mtaa mzima umefunga, hakuna anayemwashia sigara mbele ya pua. Siku za kawaida kinachomshinda ni mkono kutangulia akili: kahawa imemiminwa, na sigara iko mdomoni kabla hajajiuliza kama anaitaka.

Sasa mtazame kijana wa unga, yaani heroini, mwezi uleule, imani ileile. Baina ya saa 6 na 12 tokea kete ya mwisho, yaani kipakiti cha unga, arosto inaanza, mwili ukidai unga wake: miayo, makamasi, kuharisha, mifupa kuuma, na siku ya pili au ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Huyu raha alishaagana nayo zamani. Anachokitafuta ni kujisikia kama mimi na wewe tunavyojisikia tukiamka tu. Ukimwambia "kaza moyo", unampa nasaha ya mwenzake wa sigara.

Kuna pupa, yaani kutenda kabla hujapima, kupokea elfu mbili ya leo ukaiacha elfu kumi ya mwisho wa mwezi. Na kuna kulazimika, kurudia jambo unalojua linakuangamiza na wala hulifurahii. Moja huweza kuzaa jingine. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, David Belin na Barry Everitt wakiwa miongoni mwao, walitoa matokeo ya panya waliojifunza kujipa kokeini. Panya waliopenda mambo mapya ndio waliokuwa wepesi kuanza. Lakini walioendelea kuitafuta hata walipopigwa shoti ya umeme miguuni walikuwa zaidi wale wa pupa, wasioweza kusubiri. Hilo lilinishangaza, kwa sababu wazee wetu humhofia zaidi mtoto mtundu anayejaribu kila kitu.

Mimi ni wakala wa pesa za simu huko Mwanakwerekwe, na kamari naiona kupitia dirisha dogo. Kuna kijana aliyetumwa sukari na mama yake, akapita maskani akasikia leo kuna mechi kubwa, anakuja mbio: "Bro, niwekee elfu mbili." Mkeka, yaani tiketi ya kubeti, ukichanika anacheka, anaona haya, anakwenda kutafuta uongo wa kumwambia mama. Huyo nikimchelewesha kidogo, nikajifanya mtandao unasumbua, mara nyingine anaondoka na pesa yake. (Najua si kazi yangu. Nafanya.) Wa pili huja nikiwa bado nafungua kufuli. Hazungumzi mpira. Anabeti ligi za nchi asizozijua, anasema anakomboa pesa yake, na akishinda hatoi hata shilingi, anairudisha yote usiku huohuo. Nikimchelewesha anakwenda kwa wakala wa jirani.

Hata wataalamu waliyumba hapa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, iliiweka kamari kundi moja na uchomaji moto na wizi wa mtu asiyeweza kujizuia, kana kwamba yote ni pupa. Toleo la 11, lililoanza kutumika 2022, limeihamishia upande wa uraibu. Wamarekani walifanya hivyo 2013 katika orodha yao ya magonjwa ya akili. Kwa ninayoyaona dirishani, walichelewa.

Msinielewe kwamba mazingira hayamgusi mtu wa unga. Askari wengi wa Kimarekani walikuwa waraibu wa heroini kule Vietnam, na mtafiti Lee Robins alipowafuatilia mwanzoni mwa miaka ya 1970, wachache tu ndio waliorudia uraibu baada ya kufika kwao. Sobahausi zetu, nyumba wanakokaa wanaoacha unga, zinafanya kazi kwa sababu hiyohiyo: zinamtoa mtu maskani. Shida ni kwamba askari wale waliiacha Vietnam nyuma, na kijana wetu akitoka sobahausi anarudi mtaa uleule na marafiki walewale.

Methadoni nayo, dawa ya kunywa anayopewa mraibu badala ya heroini, ilianza kutolewa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, 2011, na kwetu ikaja baadaye hospitali ya Kidongo Chekundu. Wengi wanaipinga, eti ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Siwaungi mkono. Mgonjwa anainywa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, inakaa mwilini muda mrefu, arosto haimshiki, na mchana anaweza kuwa Malindi anauza samaki badala ya kuhangaikia kete. Ndiyo dawa ya kulazimika. Gumu ni nauli ya kila siku kwa anayekaa Makunduchi au Nungwi.

Lakini methadoni haiondoi pupa. Nina wateja waliotulia kabisa na unga, wamenenepa, wameoa, na sasa wako dirishani kwangu na mikeka. Familia zao zinashukuru na hazina habari. Ningependa washauri wa kliniki na sobahausi, wanapomuuliza mtu kama amegusa unga wiki hii, wamuulize pia simu yake imetuma pesa wapi.

Msomaji, Mwanakwerekwe