Fedha ziko kwa mjomba: je, viza ya masomo itapatikana?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamili nchini Uingereza. Atakayenilipia ni mjomba, ambaye amenisomesha tangu baba alipofariki, na yuko tayari kunipa taarifa ya akaunti yake ya benki pamoja na barua ya kuahidi kugharamia masomo yangu. Wakala mmoja ananiambia kwamba hivyo vinatosha, na kwamba vikikataliwa atanitafutia mtu wa kuniwekea fedha kwenye akaunti kwa siku chache. Jambo jingine ni kwamba pasipoti yangu ina majina matatu ilhali cheti changu cha shahada ya kwanza kina mawili. Nianze na lipi?

JIBU: Marahaba, na hongera sana kwa nafasi uliyoipata. Naomba uachane kabisa na wazo la fedha za kuazima. Uhamiaji wa Uingereza unaweza kuhoji fedha zimetoka wapi na ni za nani, na mwombaji anayebainika kutumia udanganyifu au nyaraka za uongo anaweza kuzuiwa kupata viza kwa miaka 10. Wakala atakuwa ameshachukua malipo yake, na jina litakaloharibika ni lako.

Kuhusu mjomba, wema wake hautapotea, lakini taarifa ya akaunti yake haitakusaidia ikiwasilishwa kama ilivyo. Kwa viza ya mwanafunzi, ndugu ambao akaunti zao hukubaliwa kwa kawaida ni mzazi au mlezi wa kisheria. Kukulea na kukusomesha, hata kwa miaka mingi, hakumfanyi mjomba kuwa mlezi wa kisheria pasipo hati inayothibitisha hivyo. Wengi hupotoshwa hapa na marafiki waliokwenda nchi nyingine, kwa kuwa Marekani, kwa mfano, humruhusu ndugu kuwa mfadhili, ila mwombaji huenda kwenye mahojiano ambako anatakiwa kumridhisha ofisa kwamba atarejea kwao baada ya masomo. Kila nchi ifuate kwa kanuni zake.

Njia iliyo wazi ni mjomba akuhamishie fedha hizo moja kwa moja kwenye akaunti yenye jina lako, ziwe zako kweli, na aandike barua fupi inayoeleza kwamba amekupa kwa ajili ya masomo. Kiasi kinachotakiwa ni ada ya mwaka wa kwanza, ukiondoa sehemu uliyokwisha kuilipa na ambayo chuo kimeithibitisha, pamoja na gharama za kujikimu za hadi miezi 9, ambazo kiwango chake ni kikubwa zaidi kwa anayesoma London kuliko kwingineko. Fedha hizo zinapaswa kukaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hesabu hiyo isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya siku unayotuma maombi.

Tuseme fedha zimeingia tarehe 1 Juni. Siku 28 zinatimia tarehe 28 Juni, kwa hiyo ukituma maombi mwanzoni mwa Julai uko salama, ila ukisubiri hadi mwishoni mwa Agosti taarifa hiyo hiyo itakuwa imepitwa na wakati. Na ikiwa tarehe 17 Juni umechomoa fedha kidogo ili kuwahi tiketi ya bei nafuu, salio likashuka chini ya kiwango hata kwa siku moja, hesabu inaanza upya. Nimeona waombaji waliokuwa na fedha za kutosha wakinyimwa viza kwa kosa dogo la namna hii, na huniuma kila mara, kwa sababu halikuwa jambo la umaskini bali la kalenda. Ongeza akiba kidogo juu ya kiwango, maana thamani ya sarafu hupanda na kushuka, na uandae kando fedha za maombi yenyewe pamoja na tozo ya huduma za afya, ambayo hulipwa wakati wa kutuma maombi na wengi huisahau. Tiketi isubiri viza.

Ikiwa nchi unayoishi imo kwenye orodha ya wanaotakiwa kupimwa kifua kikuu, nenda kwenye kliniki iliyoidhinishwa kwa ajili hiyo, kwani cheti cha hospitali nyingine hakikubaliki. Hati isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri kamili yenye jina na saini ya mfasiri.

Sasa nije kwenye majina, kwa kuwa ndiyo kazi ya kuanza nayo leo. Mwandikie ofisa udahili wa chuo, umtumie nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha, umwombe kwamba uthibitisho wa udahili utakaotumika kwenye viza uandikwe kwa majina yote matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, kisha uape mbele ya wakili kwamba mwenye cheti na mwenye pasipoti ni mtu mmoja. Akaunti ya benki nayo iwe na majina hayo hayo, na ndiyo sababu mjomba asihamishe fedha kabla hujahakikisha kwamba jina la akaunti yako linafanana na la pasipoti.