Jaji hana adhabu nyingine ya kuchagua

Mkuu, umeuliza kama jaji wa Mahakama Kuu pale Mbeya angeweza kumpa aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia miaka 30 badala ya kitanzi. Hapana, asingeweza. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, sheria ya makosa ya jinai ya Tanzania, kinaamuru. Ikishathibitika ni kuua kwa kukusudia, adhabu ni kunyongwa basi.

Pa kupambana ni kabla ya hapo. Tuseme watu wamegombana kilabu cha ulanzi, mmoja kachokozwa, papo hapo kampiga mwenzake gongo akafa: wakili akionyesha uchokozi wa ghafla, kosa linashuka kuwa kuua bila kukusudia, na hapo jaji anapima miaka mwenyewe, mwisho wake kifungo cha maisha. Kusubiri mtu atiwe hatiani ndipo useme ana watoto wadogo hakusaidii kitu, na inaumiza kuona.

Wasionyongwa ni mjamzito na aliyetenda kosa hajafika miaka 18. Notisi ya rufaa, yaani taarifa kwamba mtu anakata rufaa, iingie ndani ya siku 30 tangu hukumu.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilishasema mwaka 2019 kwamba kumfunga jaji mikono hivi kunakiuka haki ya kuishi. Mimi nakubaliana nayo kabisa.