Usiunge taa za chini ya gari kwenye waya wa parking

Kaka, umeuliza kama taa za LED za chini ya gari zinaweza kuungwa kwenye waya wa taa za parking. Hapana, usithubutu. Utepe wa LED wa 5050 (kila taa ina ukubwa wa milimita 5 kwa 5) wenye taa 60 kwa mita hula kama ampea 1.2 kila mita kwenye volti 12. Mita 5 ni ampea 6, na ule waya mwembamba wa parking unaweza kuchemka. Vuta waya mpya kutoka kwenye betri, fyuzi ya ampea 10 ikae karibu kabisa na betri, ndipo rilei (kifaa kinachowasha umeme mkubwa kwa kutumia umeme mdogo wa swichi) na swichi. Nunua tepe za IP67, yaani zisizoingiza vumbi wala maji, zikae mbali na ekzosi. Gundi ya nyuma pekee haishiki, funga na klipu. Maungio yavishe mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani, maji ya madimbwi huanzia kuingia hapo.