Kwa wewe unayeanza kazi ofisi ya mshauri wa wanafunzi

Wiki ya kwanza utapewa meza, muhuri na kitabu cha sheria ndogo za wanafunzi. Wiki ya pili, saa nane usiku, matroni atakupigia simu. Nimeifanya kazi hii hapa Moshi kwa miaka 11, katika chuo ambacho sitakitaja, na ningeshukuru sana kama mtu angeniambia mapema jambo hili: kesi nzito nilizoziona zikiharibika, chache ziliharibiwa na waongo. Nyingi ziliharibiwa na watu wema, siku ile ile ya kwanza, na mimi nikiwemo.

Chukua binti aliyebakwa kwenye geto la mtu anayemfahamu, mitaa ya nyuma ya chuo. Anarudi hosteli alfajiri analia. Matroni ni mama mtu mzima, ana huruma. Anamchemshia maji aoge, anamlowekea nguo, anampa chai, anamwambia lala kwanza mwanangu, tutazungumza kesho. Hakuna mama ambaye asingefanya hivyo. Lakini ushahidi umeshakwenda na maji, na saa zinakimbia.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza haiko ofisini. Nenda ukakae na matroni, walinzi wa zamu ya usiku na mtu wa zahanati ya chuo, muelewane. Aliyebakwa asioge. Nguo zikivuliwa, kila moja iingie kwenye bahasha yake ya kaki au mfuko wa karatasi, isiwe mfuko wa nailoni, maana humo nguo hupata unyevu na kuoza. Kama ameshaoga na nguo zimeshafuliwa, asisemwe hata neno moja. Apelekwe hivyo hivyo. Waambie pia habari ya saa 72. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa hizo, na anayezianza saa ya tatu yuko salama zaidi kuliko anayezianza saa ya sabini. Baada ya hapo atazimeza siku 28. Hesabu inaanza pale tukio lilipotokea. Wewe kuambiwa Jumatatu jambo la Ijumaa usiku hakuirudishi saa nyuma.

Utaulizwa kuhusu PF3, ile fomu ya polisi. Mgawane kazi: mmoja aende na mgonjwa hospitali, Mawenzi au KCMC, mwingine aende kituoni, aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, achukue RB, ile namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi, na fomu. Mtu anayevuja damu hakalishwi kwenye benchi kusubiri karatasi. Ukipata hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono umepona, maana daktari, polisi na ustawi wa jamii anawapata sehemu moja bila kurudia hadithi yake kila mlango.

Je, ni lazima aende polisi? Kama ni mtu mzima, mweleze njia zote kisha umwache achague, ila suala la afya msilicheleweshe kwa kusubiri uamuzi huo. Angalia tarehe ya kuzaliwa, lakini. Siku hizi wapo wa mwaka wa kwanza wenye miaka 17, na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 huyo ni mtoto. Hapo huna hiari ya kunyamaza, na huna haki ya kumbebesha yeye uamuzi huo.

Kusikiliza ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Chumba kiwe na mlango unaofungika, mtu mmoja aulize, mwingine aandike. Mimi huanza na swali moja tu, "Nieleze tangu mlipotoka hapa hosteli," kisha nafunga mdomo. Kimya kikiwa kirefu, kiache. Usimuulize kwa nini alikwenda huko usiku. Swali hilo halimtafuti mkosaji, linamtafutia yeye kosa. Na usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Sema ukweli: watakaojua ni wale tu ambao bila wao siwezi kukusaidia, nao ni hawa. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, hata kama ni ya mtaani. Nilikuwa nayanyoosha ili yasomeke vizuri mbele ya kamati, hadi siku mjumbe mmoja alipouliza ilikuwaje binti wa miaka 19 akaongea kama mzee wa baraza.

Mashahidi waje mmoja mmoja. Wema wetu wa kuwaita wanachumba wote wanne pamoja "wasiogope" unazaa hadithi moja iliyopikwa na yule mwenye sauti kubwa. Siku hiyo hiyo ya kwanza mwombe fundi anakili picha za kamera ya getini, kwa sababu mashine zile hujifuta zenyewe kwa kuandika juu ya zilizopita, na piga picha kurasa za daftari la mlinzi. Kuhusu skrinishoti: ionekane namba, tarehe na saa, na simu yenyewe ibaki na mwenyewe bila kufutwa kitu. Usizisambaze kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Picha za utupu ndizo kabisa usiziombe zitumwe kwako. Ziache kwenye simu ya mwenyewe, polisi watazichukua kwa utaratibu wao.

Sasa nije kwenye "yaishe".

Siku ya tatu au ya nne watakuja wazee. Watakuja wamevaa makoti, kwa heshima, wataamkia hadi mfagizi. Mwaka mmoja baba wa mtuhumiwa alishuka kutoka mlimani akiwa na jani la sale mkononi. Kama hujakulia Uchaggani, jua kwamba sale ni jani la msamaha. Mtu akikujia nalo, kumkatalia ni kujitafutia balaa, na watu wamesameheana mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na hata damu kwa jani hilo. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, na nilisimama pale nikihisi mikono inataka kulipokea. Wazazi wa binti walilipokea. Wakakubaliana fidia ya matibabu, wakapanga mpaka siku ya mbege. Binti alikuwa nje kwenye benchi, kwenye korido yangu, hakuna aliyemuuliza. Nilipotoka aliniuliza, "Kwa hiyo Jumatatu nitakaa naye darasani?"

Sina ugomvi na sale. Lina kazi yake, na ugomvi wa ndugu huwezi kuumaliza vizuri kwa njia nyingine. Ila ubakaji ni jinai. Mwenye kesi ni Jamhuri, na kwa Kanuni ya Adhabu kifungo chake hakipungui miaka 30. Wazazi hawawezi kuifuta wakiwa kwenye sofa lako. Wapokee wazee, wape maji, wasikilize, kisha waambie kwa upole kwamba ofisi hii haina mamlaka ya kusuluhisha jambo hilo. Usiwakopeshe chumba. Niliwakopesha chumba, na ndilo kosa ninalolikumbuka zaidi ya yote niliyofanya katika kazi hii.

Linalofuatia kwa uzito ni la kuhamisha watu. Kulikuwa na kesi ya vitisho na kipigo, wote wawili wanakaa hosteli za chuo. Nikamhamisha msichana, kwa sababu kulikuwa na kitanda kitupu jengo la pili na yeye hakubisha. Ndani ya wiki mbili alikuwa amekosa jaribio moja, amepoteza wenzake wa kusoma nao, na stori ya hosteli ikawa kwamba yeye ndiye aliyefukuzwa. Tangu hapo anayehama ni anayetuhumiwa, na nampa barua inayosema wazi kwamba hii si adhabu, ni tahadhari. Ina tarehe ya kuisha. Na inaeleza asichoruhusiwa: kumpigia, kumtumia ujumbe, kumtuma rafiki, kumsubiri nje ya ukumbi wa mtihani. Maneno ya jumla kama "ajiepushe naye" hayafai kitu. Kijana mmoja aliniambia kwa uso mkavu kwamba alijiepusha, aliyekwenda ni mdogo wake.

Rushwa ya ngono inataka mguu mwingine kabisa. Malalamiko haya hayaji mlangoni. Yanakuja kwa CR, mwakilishi wa darasa, nusunusu, kama utani: mwalimu fulani ana sapu zake, yaani mitihani ya kurudia. Mwanafunzi anaogopa disko, kuondolewa masomoni, kuliko anavyomwogopa huyo mwalimu, na ana sababu. Ukikimbilia kumwita mhadhiri "umsikie upande wake" ndani ya saa moja, karatasi za mitihani ziko kabatini kwake, na umeshamwonyesha pa kuzima moto. Anza na karatasi. Mkuu wa idara au mwenye mitihani azichukue zote za somo hilo, za darasa zima ili asijulikane nani kalalamika, zisahihishwe upya na mtu mwingine. Halafu mweleze mwanafunzi kwamba kuna Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, kinachomhusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma au haki, na kwamba TAKUKURU wanapokea simu za bure kwenye 113. Mtego msiutege wenyewe. Vijana wa serikali ya wanafunzi watakuja na mpango wa kujificha kwenye kabati la nyumba ya wageni na kamera. Wapongeze kwa moyo wao na uwakatalie.

Nimemzungumzia sana mlalamikaji, na huenda umeshaanza kudhani ofisi hii ni yake. Mtuhumiwa naye ni mwanafunzi wako. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa, na haikusema "isipokuwa akiwa na sura ya mkosaji". Apewe tuhuma kwa maandishi, zenye siku, mahali na kitendo. Apewe siku za kujiandaa. Aone ushahidi unaomkabili. Aje na mtu wa kukaa naye. Wewe uliyechunguza usiketi tena kuhukumu. Tuliwahi kumfukuza kijana ambaye mpaka leo naamini alifanya. Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyekuwa amemhoji wiki mbili kabla. Rufaa ilimrudisha chuoni kwa hilo peke yake, bila hata kufungua ukurasa wa ushahidi, na walioisikiliza rufaa walikuwa sahihi. Aliyeumizwa na uzembe wetu alikuwa yule binti, aliyemwona akiingia tena getini na begi lake.

Kamati itakuuliza wanahitaji uhakika kiasi gani. Mahakama ya jinai inataka jambo lithibitike bila kuacha shaka ya msingi. Nidhamu ya chuo inapima ni lipi lina uwezekano mkubwa zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda kule na bado akapata adhabu huku, na ndiyo maana sababu za uamuzi ziandikwe, aya kwa aya, na si mstari mmoja wa "kamati imejiridhisha".

Hatari nyingine nazipitia haraka. Mlango wa dharura wa hosteli uliofungwa kufuli "kwa sababu ya wezi" ufunguliwe leo, kabla hujamaliza kusoma; hita za kuchemshia maji na mitungi ya gesi vyumbani utavikuta tu, hasa Juni na Julai baridi inapobana, kwa hiyo pita mwenyewe vyumbani badala ya kubandika tangazo. Anayeandika kwenye kundi kwamba atamchoma mtu kisu, usimchukulie kama mtani hadi umekaa naye na kujua kisu kiko wapi. Na likizo yako usiichukue wiki ya matokeo. Mwanafunzi anayegawa vitu vyake, anayeaga, anayesema hataonekana tena, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa dawa na kamba karibu naye, mpeleke hospitali. Huyo hana kesi ya nidhamu. Kuna mlezi mmoja aliyetaka kumwandikia barua ya kujieleza kwa "kuleta taharuki", na nilipandisha sauti ofisini siku hiyo, jambo ambalo sijalijutia.

Jambo la mwisho ni majalada. Kabati lifungwe, na anayefungua asaini. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hili si suala la adabu tu. Lakini mimi sikufunzwa na sheria. Nilikuwa kwenye daladala ya Kiboriloni jioni moja, mama wawili kiti cha mbele wakisimuliana kesi yangu, na mle ndani kulikuwa na sentensi ambayo iliandikwa kwenye ripoti tu, iliyosomwa na watu wanne. Walikuwa wanamhurumia binti, masikini, kwa jina lake kamili. Nilishuka kituo kilichofuata nikatembea. Kesho yake nilianza kutoa nakala zenye namba kila ukurasa, jina la mlalamikaji nikaweka herufi, na kikao kikiisha nazikusanya mwenyewe, nahesabu mbele yao.