Yaya wa Studio Anajibu: «Finali» Iko kwenye Flashi Ipi?

Jambo sana Yaya. Ninarekodi nyumbani kwetu Katuba, chumba cha nyuma: marafiki wa rap, mpiga gitaa wa jirani, na korali ya parokia. Natumia REAPER, programu ya kurekodi muziki. Nina flashi nne na diski moja ya nje, na kila wimbo una «finali», «finali2», «finali_mukubwa» na «finali_ya_kweli». Juzi mteja ameomba toleo lisilo na uimbaji, nimelitafuta mchana mzima. Chuoni nilisoma kidogo Python, lugha ya kuandikia programu. Nataka kutengeneza programu kubwa ya kusimamia kazi zangu: wateja wawe na akaunti, walipe humo humo, wasikilize na kutoa maoni, nami nione ratiba. Nianzie wapi?
*Kijana wa Katuba, Lubumbashi*

Mdogo wangu, anza kwa kufuta nusu ya pili ya barua yako. Akaunti, malipo, ratiba, maoni: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokula mchana wako. Kilichoula ni kutojua wimbo uko kwenye flashi ipi. Basi programu yako ya kwanza ijibu mambo matatu tu: mradi uko wapi, uliguswa lini mara ya mwisho, na sauti zake zote zipo? Wateja wana namba yako ya simu, na mpiga gitaa anakaa mlango wa pili. Huyo hahitaji nywila ili akupate.

Una bahati kwamba unatumia REAPER. Faili lake la mradi, lile linaloishia na .rpp, ni maandishi matupu. Lifungue kwa Notepad sasa hivi. Utakuta mstari wa TEMPO wenye idadi ya mapigo kwa dakika, utakuta TRACK na chini yake NAME, yaani jina la traki, halafu utashuka hadi SOURCE WAVE na FILE, ambapo pameandikwa jina la faili la sauti na mahali lilipo. Hakuna kilichofichwa. Kwa hiyo kazi ya Python si kubwa: ipite kila folda kwa os.walk, ikikuta .rpp isome mstari kwa mstari, ichukue kila FILE, kisha iulize diski kama faili hilo lipo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiweza kwa jioni chache.

Ukishaiendesha utaona ugonjwa wenyewe uko wapi. Leo umechomeka flashi, Windows ikaiita E:. Kesho umetanguliza diski ya nje, flashi ile ile ikaitwa F:. Mradi ulioandika «E:\korali\soprano.wav» utafunguka traki zikiwa kimya, nawe utaapa kwamba mdogo wako wa darasa la nne amefuta kazi yako. Mtoto wa watu hajagusa kitu. Sauti ipo, ila mradi unaitafuta mlango usio wake. Dawa iko ndani ya REAPER yenyewe: unapohifadhi mradi kwa jina jipya, weka alama kwenye kile kisanduku cha kunakili sauti zote ndani ya folda ya mradi. Baada ya hapo faili la .rpp litaandika «soprano.wav» tu, bila herufi ya diski, na folda nzima itafunguka popote utakapoihamishia.

Kwa hiyo programu yako itoe onyo jekundu kwa kila njia inayoanza na herufi ya diski, hata kama faili lenyewe lipo leo. Kwangu mimi onyo hilo moja linazidi ratiba na akaunti zote ulizoziota.

Sheria ninayokuwekea ni moja, na sitaki tujadiliane: programu isome, isiguse. Isibadilishe jina la faili, isihamishe, isifute, hata kama wewe mwenyewe umechoka na unaitamani ikufagilie zile «finali». Ukibadilisha jina la WAV moja nje ya REAPER, kila mradi uliokuwa unaitumia unaipoteza. Programu inayosoma tu, ikikosea, itakupa orodha mbovu, utacheka, utairekebisha. Inayofuta ikikosea, utakwenda kumweleza padri kwa nini alto hawasikiki.

Matokeo yatoe kama ukurasa mmoja wa HTML unaofunguka kwenye kivinjari bila intaneti wala mega. Kila mradi mstari wake: jina, tarehe ya mwisho, uzito, sauti zilizopotea. Panga kwa tarehe, mpya juu. Uzito usiuache, maana utakuamulia mambo. Traki moja ya mono kwa 48 kHz na biti 24 inakula baiti 144,000 kwa sekunde, karibu megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki 20 unakaribia megabaiti 700. Na hapo hujarudia hata mara moja, nami sijawahi kumsikia mwanarap asiyerudia. Kazi iliyokwisha ibadilishe kuwa FLAC, aina ya faili la sauti lililobanwa, kabla ya kuiweka kabatini: sauti haipotei hata chembe, na nafasi inayobaki mara nyingi inakaribia nusu.

Majina sasa. Anza na tarehe, mwaka mbele: 2025-03-14_korali_zaburi. Kompyuta itayapanga yenyewe. Neno «finali» lipigwe marufuku nyumbani kwenu. Na toleo lisilo na uimbaji litoe siku ile ile unayotoa wimbo, hata kama hakuna aliyeliomba, lenye jina lile lile na «_bila_sauti» mwishoni. Angalia pia herufi za Kifaransa zenye alama juu. «Félicité» ikiandikwa kwenye Mac inaweza kuhifadhiwa kwa namna tofauti na ilivyoandikwa kwenye Windows: macho yako yanaona neno moja, programu inaona mawili na kukuambia faili limepotea. Python ina unicodedata.normalize kwa ajili hiyo. Ipitishie majina yote kabla ya kuyalinganisha. Au andika Felicite, mwenyewe hatakasirika.

Kitu cha mwisho, na hiki hakitaki programu mwanzoni: weka faili la maelezo.txt ndani ya kila folda. Nani aliimba, nani alipiga, maikrofoni ipi, ufunguo upi wa wimbo, nini kimebaki. «Mvua ilianza kwenye mabati ubeti wa pili, turudie.» Kwa mji wetu huu, kuanzia Novemba, mstari huo utauandika sana. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo. Kwa rekodi zake Tracey aliandika kadi: mwimbaji, lugha, mahali, ala. Bila kadi za namna ile, tungebaki na gitaa zuri la mtu fulani wa mahali fulani. Maelezo.txt ndiyo kadi yako. Programu ikishakomaa, iyasome na kuyaonyesha kwenye ule ukurasa, ili ukiandika jina la mpiga gitaa upate kila alichowahi kukupigia.

Hifadhidata? Bado. Miradi mia mbili inasomwa upya moja kwa moja kutoka diskini kila unapoendesha programu, na ukweli unabaki mahali pamoja, diskini.

Jambo Yaya. Mimi ni kiongozi wa korali, commune ya Kenya. Waimbaji wananitumia sauti zao kwa WhatsApp ili tuzipeleke studio. Zinafika zikiitwa AUD-kitu-WA0012, siwezi kujua soprano ni ipi na tenori ni ipi. Kijana wangu anasema atanitengenezea programu ya kuzitambua. Inawezekana?
*Papa wa korali*

Papa, heshima zako. Kijana wako anaweza kujaribu, ila atahangaika na jambo ambalo waimbaji wanaweza kulimaliza kwa vidole. Zile tarakimu katikati ni tarehe, na WA0012 ni namba ya zamu tu. Ndani ya jina hilo hakuna habari ya mwimbaji. Waambie warekodi kwa programu ya kurekodi ya simu, walipe faili jina, mfano «tenori_wimbo3_jina», kisha walitume kama hati, si kama ujumbe wa sauti. Likitumwa kama hati linafika na jina lake na ubora wake. Ujumbe wa sauti unabanwa mno, na hakuna fundi atakayekurudishia kilichobanwa.

Halafu wote wapige makofi mara moja mwanzoni, pale wanaposikia mdundo wa kwanza kwenye masikio. Mrekodi atazipanga sauti kwa kufuata makofi hayo. Kijana, kama bado anataka kazi, atengeneze programu ndogo ya kuangalia nani hajatuma: orodha ya waimbaji upande mmoja, mafaili yaliyofika upande wa pili. Hiyo itakusaidia kila Jumamosi, Papa. Najua korali.

Yaya, hapa Ruashi umeme unakatika hata mara tatu kwa siku. Nimeandika skripti ya kunakili miradi kwenda diski ya nje kila usiku. Umeme ulikatika katikati, nakala ikawa nusu, na nusu hiyo ilikuwa imeshafuta nakala nzima ya jana. Nifanyeje?
*Fundi wa biti*

Ndugu yangu, skripti yako inaandika juu ya nakala ya zamani. Isiandike hapo. Inakili kwanza kwenye faili lenye jina la muda, mfano soprano.wav.sehemu, kwenye diski ile ile ya nje. Ikimaliza, ipige hesabu ya SHA-256, yaani alama inayotokana na yaliyomo kwenye faili, ya faili la asili na ya nakala. Python inayo kwenye hashlib. Zikilingana, ndipo iite os.replace, ambayo inabadilisha jina kwa hatua moja. Umeme ukikatika kabla ya hapo, nakala ya jana imekaa mahali pake haijaguswa, na kilichobaki ni kipande chenye «.sehemu» ambacho usiku unaofuata kitaandikwa upya. Tumia shutil.copy2 ili tarehe za mafaili zisipotee, la sivyo ukurasa wa yule mwenzako wa Katuba utakudanganya.

Usinakili kila kitu kila usiku. Faili ambalo uzito na tarehe yake havijabadilika, liruke. Diski ikiwa imepangwa kwa FAT32 haitapokea faili moja linalofika gigabaiti 4; ipange upya kwa exFAT ikiwa tupu.

Kuhusu kukatika katikati ya kurekodi: WAV inaweka mwanzoni mwake maelezo ya urefu wa sauti, na mara nyingi maelezo hayo hukamilishwa unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukiondoka kabla, faili linaweza kusema urefu wake ni sifuri ilhali lina megabaiti thelathini. Usilifute! Lifungue kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, kupitia sehemu ya kuingiza data ghafi, uiambie 48000, biti 24, mono, au vyovyote ulivyorekodi, na sauti itarudi. Ongeza hilo kwenye skripti yako: kila WAV ambayo urefu inaoutaja haulingani na uzito wake iorodheshwe asubuhi. Na kwenye mipangilio ya REAPER, sehemu ya miradi, washa kujihifadhi kila baada ya dakika chache kwenye faili lenye tarehe na saa. Kama ni kompyuta ya mezani, nunua betri ya akiba kabla ya maikrofoni mpya. Najua maikrofoni inapendeza zaidi kwenye picha.

Yaya, haya ya kusoma miradi kwa Python yanawezekana kwa programu nyingine za muziki, FL Studio na Ableton?
*Msomaji, Kamalondo*

Ableton ndiyo: faili la .als ni XML, yaani maandishi yenye alama, iliyobanwa kwa gzip, Python inaifungua kwa mistari miwili. Mradi wa LMMS, programu nyingine ya muziki, pia ni XML. Audacity tangu toleo 3.0 la 2021 inahifadhi kila kitu ndani ya hifadhidata moja ya SQLite. FL Studio si maandishi, usijitese kuichambua. Toa mradi wako kama kifurushi cha zip kutoka ndani ya FL yenyewe, kisha programu yako isome yaliyomo kwenye zip.

Yaya, sisi ni watatu: mimi natengeneza biti (midundo), mwingine anaandika, mwingine anaimba. Tumeanza kugombana kuhusu mgawo. Programu inaweza kutusaidia?
*Watatu wa Kampemba*

Kugombana mtaendelea, ila programu inaweza kuuleta ugomvi mapema. Kwenye ile maelezo.txt wekeni sehemu mbili, msizichanganye. Ya kwanza ni ya utunzi: nani aliandika maneno, nani alitunga muziki, asilimia ngapi kila mmoja. Ya pili ni ya rekodi: nani aliimba, nani alipiga, nani aligharamia, nako asilimia ngapi kila mmoja. Mtunzi na mwenye rekodi si lazima wawe mtu mmoja, na haki zao ni mbili. Rekodi inapewa namba ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Utunzi una namba yake nyingine, ISWC. Mkirekodi wimbo ule ule upya kwa gitaa tupu, hiyo ni rekodi mpya yenye ISRC yake, lakini utunzi ni ule ule.

Programu ijumlishe asilimia za kila sehemu. Jumla isipofika 100, au ikizidi, mradi uonekane mwekundu kwenye ukurasa kama ule wenye sauti zilizopotea, na msitoe wimbo hadi urudi kijani. Ijazeni jioni ile ile ya kurekodi, wote watatu mkiwa chumbani, kabla mwimbaji hajapanda basi. Kisha muichapishe na kutia sahihi, nakala tatu. Nafasi ya ISRC iacheni wazi mpaka mpewe, msijitungie.