GPS ya gari kwenye pikipiki: inawezekana, ila uilinde

Mkuu, umeuliza kama GPS ya gari, yaani kile kifaa cha kuonyesha njia kwa setilaiti, itafaa kwenye pikipiki kwa safari ya Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera. Itafaa. Setilaiti hazijali umepanda nini. Shida ni umeme, maji na mtikisiko.

Umeme ndio uutazame sana. Betri za pikipiki nyingi ni volti 12, GPS nyingi za gari zinakula volti 5. Ukiunga waya moja kwa moja utaiunguza. Tafuta chaja ya pikipiki yenye tundu la USB, weka fyuzi, na mwambie fundi aipitishe kwenye swichi ya ufunguo, la sivyo betri itakufia usiku.

Ile mpira ya kunata kwenye kioo usiitegemee kabisa. Yangu ilibanduka kwenye rasta (vile vituta vidogo vya barabarani) pale Ihumwa, GPS ikabaki inaning'inia kwa waya. Funga kishikio cha bolti kwenye usukani.

GPS ya gari haijatengenezwa kunyeshewa, na mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, kwa hiyo beba mfuko usiopitisha maji. Sauti hutaisikia ndani ya helmeti. Ukitaka kubonyeza kitu, simama pembeni kwanza, tafadhali.